Mama atibiwe kwanza, adaiwe baadaye

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, hospitali binafsi zilazimishwe kuwatibu wazee bure?" Swali limenigusa, kwa sababu mwaka jana nilimpeleka mama kwenye mojawapo hapa Tanga.

Mama ana miaka 78. Kifua kilimbana saa nne usiku. Tulitoka Makorora kwa bajaji, kaniegemea, pumzi anaivuta kwa shida. Tulipofika tukaambiwa tutangulize sh 50,000. Mimi nilikuwa na 20,000. Dirisha la malipo liko juu, mwenye mgongo uliopinda kama mama hamwoni aliye ndani. Binti wa malipo akaniuliza mimi, "Bibi ana bima?" Mama yupo palepale. Masikio yake mazito, akanivuta mkono: "Anasemaje, mwanangu?" Nikashindwa kumjibu. Akaelewa mwenyewe, akaanza kufungua fundo la pindo la kanga. Alikuwa amelikaza kwa meno, na vidole vyake vinatetemeka. Nikataka kumsaidia, akautoa mkono wangu. Zikatoka noti tatu za elfu mbili zilizokunjwakunjwa na sarafu mbili za mia mbili. Akanyoosha mkono, akaziweka moja moja kwenye kizingiti asichokiona, akasema, "Nyingine nitaleta kesho." Sh 6,400. Hazikutosha. Tulikaa kwenye benchi mpaka shemeji alipotuma kwa simu, na muda wote huo hakuna aliyempima hata presha.

Nilishika kalamu nikiwa nimeshaamua: walazimishwe, tena kwa sheria.

Lakini wiki mbili kabla ya usiku ule tulikuwa kituo cha afya cha serikali, dirisha la wazee. Tangu sera ya wazee ya 2003, mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo hatakiwi kulipa huko. Kweli hatukulipa. Tulipewa karatasi tukanunue dawa nje. Na kule kwenye hospitali ya fedha, mama alipoingizwa ndani, muuguzi alichuchumaa mbele ya kiti chake mpaka nyuso zikalingana, akamshika mkono, akamuuliza yeye, si mimi: "Bibi, shikamoo. Kinabana wapi?" Mama mpaka leo anamwombea dua binti yule.

Mshahara wake unatoka kwenye zile 50,000. Kwa hiyo sitaki tena kusema bure, ingawa nilipoanza nilitaka. Watoze, ila mzee anayetafuta pumzi aingie kwanza, apimwe, atulizwe, hesabu ifuate. Wapo watakaotibiwa wasilipe, nalijua hilo, na hasara hiyo haifai kuachiwa hospitali peke yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023; ikimfikia mama na fundo lake la kanga, pengine ugomvi huu utapungua.

Na lile dirisha lishushwe, mama amwone usoni anayemdai.

Msomaji, Makorora, Tanga