Kabla hujaajiri wala kufukuza, ifungue ratiba ya zamu

Mkuu mleta uzi, nimesoma maelezo yako mara mbili. Umekabidhiwa duka la vyakula lenye wafanyakazi 26 na kaunta sita. Una miezi minne kwenye kiti cha umeneja na watu saba wameshaacha kazi. Jioni foleni inafika hadi kwenye mafriji ya maziwa, asubuhi makeshia wanapiga soga. Mwenye duka anasema wafanyakazi wako ni wavivu na wezi, na wewe unauliza uajiri wengine au ufukuze waliopo. Waliochangia juu yangu wamekushauri utimue watatu ili waliobaki washike adabu. Barua za kuwafukuza ziweke kabatini kwanza.

Kazi hii nimeifanya miaka 16. Nilianza kwa kushusha mzigo na kupanga rafu, nikakaa kaunta, nikawa msimamizi wa zamu, mwishowe meneja. Mengi ya hapa chini nimejifunza kwa kuharibu.

Tungekuwa tumekaa pamoja, cha kwanza ningekuuliza hiki: ratiba yako ya zamu aliipanga nani, na alipoipanga alikuwa anatazama nini? Duka la kwanza nililopewa nilirithi ratiba iliyogawa watu nusu kwa nusu, nusu asubuhi na nusu jioni, wiki inayofuata wanabadilishana. Ilionekana ya haki na hakuna aliyeilalamikia, nikaiacha mwaka mzima. Foleni za jioni zilipozidi nikaomba watu wanne, nikapewa wawili, na foleni haikupungua hata kidogo. Kisa? Na hao wawili niliwagawa nusu kwa nusu.

Kilichonifungua macho ni mashine ya kaunta yenyewe. Kila risiti inayotoka huacha kumbukumbu ya saa yake. Msimbopau wa kwanza, ile mistari myeusi kwenye bidhaa, ulisomwa kwenye kaunta ya supamaketi huko Troy, Ohio, Marekani, tarehe 26 Juni 1974, kwa hiyo taarifa hizi tumekuwa nazo miaka mingi, ila wengi wetu tunazitumia kujua mauzo tu. Nilichukua risiti za wiki mbili nikazihesabu kwa saa, kwa mkono, kwenye daftari. Karibu nusu ya wateja wa siku nzima walikuwa wanaingia kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku. Na nusu ya watu wangu walikuwa wanavua sare saa 9 alasiri.

Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu vichwa nikaanza kuhesabu kazi. Dukani kazi haziji kwa mwendo mmoja. Kazi ya kaunta inamfuata mteja. Kazi ya rafu inaufuata mzigo: lori likifika saa 2 asubuhi, hapo ndipo unapotaka mikono, hata kama dukani hakuna mtu. Usafi, kutoa vilivyoisha muda na kufunga hesabu vinafuata saa. Ukiwapanga wote kwa zamu moja inayoanza na kuisha pamoja, lazima mahali fulani watu wakae bure na mahali pengine wazidiwe, siku hiyohiyo. Wale makeshia wako wanaopiga soga asubuhi si wavivu. Wewe ndiye uliyewaita saa ambayo kazi yao haipo.

Na hii ya rafu mabosi wengi hawaioni kama kazi. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua kule Memphis duka ambalo mteja anajichukulia bidhaa mwenyewe. Tangu mtindo huo uenee, mtu ambaye zamani angesimama nyuma ya meza amehamia nyuma ya rafu, na mteja hamwoni. Mteja anakutana naye pale rafu inapokuwa tupu, na bidhaa ipo stoo.

Sasa foleni. Hapa wengi wanapotea kwa sababu hesabu inayokuja haraka kichwani ni ya uongo. Chukua kaunta inayomaliza mteja mmoja kwa dakika tatu, yaani wateja 20 kwa saa. Wanaingia wateja 70 kwa saa. Unagawa unapata kaunta tatu na nusu, unasema fungua nne, inatosha na chenji inabaki. Haitoshi, kwa sababu wateja hawaji kwa mstari kama askari. Watakuja tisa kwa mpigo, kisha kimya, kisha kumi na mmoja, na mmoja wao ana kikapu cha vitu sabini na kadi inayogoma. Kuna mtaalamu wa hesabu wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen. Mwaka 1917 alichapisha kanuni za kukadiria watu watasubiri kiasi gani. Ziliandikwa kwa ajili ya simu, lakini kwenye kaunta zinakubali. Ukizitumia kwa mfano huu, kwa kaunta nne mteja atasubiri wastani wa dakika nne na kitu kabla hajaanza kuhudumiwa. Fungua ya tano: anasubiri chini ya dakika moja. Mtu mmoja tu! Kanuni inadhania foleni moja inayolisha kaunta zote, na kwako kila kaunta ina foleni yake, kwa hiyo hali yako huenda ni mbaya kidogo kuliko hiyo. Lakini umeona uzito wa mtu wa tano, na umeona kwamba unamhitaji kwa saa nne za jioni, si kwa siku nzima.

Huyo wa tano anatoka wapi? Mara nyingi yumo tayari. Nilifanya hivi: zamu ya asubuhi nikaipunguza ibaki na makeshia wawili, wengine nikawapa zamu ya kati, saa 5 asubuhi hadi saa 2 usiku, ndani yake mapumziko ya saa moja. Nikawafundisha wapanga rafu wanne kukaa kaunta, na makeshia wote kupanga rafu. Keshia wa asubuhi asipokuwa na mteja anakwenda kwenye rafu iliyo jirani na kaunta yake, na wa rafu anaitwa kaunta watu wakizidi. Angalia lakini usipitilize. Mashine ya kukatia nyama hapewi mtu eti kwa sababu yuko karibu. Hiyo ina watu wake waliofundishwa, basi.

Kuna hesabu nyingine ambayo ukimwekea mwenye duka mezani atanyamaza. Duka likifunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 3 usiku, siku saba, ni saa 98 kwa wiki. Mkataba Na. 30 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unaohusu biashara na ofisi, umeweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Nchi nyingine zimeshuka chini ya hapo, kwa hiyo angalia sheria ya kwenu. Hata kwa hizo 48, nafasi moja inayotakiwa kuwa na mtu muda wote inakula watu wawili, hapo hakuna aliyeugua wala aliye likizo. Ukiweka likizo na magonjwa ni wawili na robo, au zaidi. Bosi anayesema "kaunta tatu, watu watatu" hajaiona hesabu hii. Usimbishie, mwandikie.

Tuje kwa wale saba walioondoka. Umesema wameondoka kwa sababu ya mshahara. Inawezekana, na mshahara mdogo hauna dawa nyingine zaidi ya kuuongeza. Ila umeandika pia, kwa kupita tu, kwamba ratiba unaibandika Jumapili usiku kwa ajili ya Jumatatu. Mkuu, mtu atapangaje nani amchukue mtoto shule? Aliyejiandikisha masomo ya jioni atayaweka wapi? Nilikuwa na msichana mmoja hodari sana wa kaunta aliyeacha kazi akaenda duka la jirani kwa mshahara uleule. Nilipomuuliza alinijibu, "Bosi, kule najua Jumanne ya wiki ijayo nitakuwa wapi." Sikumsahau. Kule Marekani, jiji la San Francisco lilipitisha sheria mwaka 2014 inayoyataka maduka ya kampuni kubwa zenye matawi mengi kutoa ratiba siku 14 kabla, na Oregon ikafuata mwaka 2017 kwa jimbo zima. Wewe huhitaji sheria. Bandika wiki mbili kabla, na ukilazimika kumbadilishia mtu, mwombe, usimtangazie.

Na ile ya kufunga usiku kisha kufungua asubuhi, iondoe kesho. Anayemaliza hesabu saa 4 usiku akarudi saa 12 na nusu asubuhi analala saa ngapi? Umoja wa Ulaya, maelekezo yao ya mwaka 2003 kuhusu saa za kazi yanataka saa 11 za mapumziko mfululizo kila siku. Nilipoanza kufuata saa 11 nililalamika sana, ratiba ilinikataa wiki tatu. Kisha simu za "bosi leo naumwa" za asubuhi zikapungua, nikagundua wengi wao hawakuwa wanaumwa, walikuwa wamechoka.

Shoti sasa, yaani pesa inayopungua kwenye droo hesabu ikifungwa. Hili linaniuma kulisema. Miaka ya mwanzo nilimkata keshia mmoja mshahara kwa shoti za siku tano mfululizo. Alilia, akaapa, sikusikiliza. Akaacha kazi. Wiki mbili baadaye shoti zikaendelea kwenye kaunta ileile, mtu mwingine. Nilipofuatilia nikakuta kwamba wakati wa chakula cha mchana msimamizi alikuwa anakaa kwenye droo ya keshia bila kuhesabu, kwa namba ya siri ya keshia, kisha anaondoka. Sijui mpaka leo kama aliiba au alikuwa anakosea chenji, na ndilo tatizo lenyewe: droo ya watu wawili haina mwenyewe. Baada ya hapo kila mtu alipata droo yake na chenji yake ya kuanzia, inahesabiwa mbele ya watu wawili anapoingia na anapotoka, hata akienda kula. Hakuna anayetumia namba ya siri ya mwenzake, mimi nikiwemo. Shoti zilishuka mpaka zikawa za makosa madogo ya kawaida. Kuhusu kukata mshahara, kwanza soma sheria ya kazi ya kwenu, maana sehemu nyingi huwezi kumkata mtu kienyeji hivyo. Yule keshia nilimtafuta nikamwomba radhi. Alipokea, lakini hakurudi.

Na wizi wa bidhaa anaousema bosi wako? Upo, sikatai. Lakini kabla hujamnyooshea mtu kidole, hesabu stoo. Nicole DeHoratius na Ananth Raman walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa kumbukumbu karibu 370,000 za bidhaa katika maduka 37 ya kampuni moja ya rejareja, wakakuta asilimia 65 hazilingani na kilichopo. Mzigo umepokelewa bila kuhesabiwa, katoni imewekwa rafu isiyo yake, keshia ameskani ladha moja mara sita wakati mteja amechukua ladha sita. Vyote hivyo kwenye karatasi vinasomeka kama wizi.

Jambo dogo la bure kuhusu makeshia wazito. Alexandre Mas na Enrico Moretti, mwaka 2009, walichapisha utafiti wa makeshia wa supamaketi Marekani. Waliona kwamba mtu mwepesi akiingia zamu wenzake nao huongeza kasi, hasa wale ambao yeye anawaona, si wale wanaomwona yeye. Nilipousoma nilicheka, kisha nikamhamisha keshia wangu mwepesi kutoka kaunta ya mbele kwenda ya mwisho, nyuma ya wenzake. Sikumwambia mtu. Sitaapa kwamba ni hilo peke yake, lakini mstari uliamka.

Wageni: usimtupe kaunta siku ya kwanza Jumamosi jioni. Mimi nilitupwa hivyo na nilitaka kukimbia. Mpe Jumanne asubuhi, mkalishe pembeni ya mzoefu siku tatu, na huyo mzoefu umpunguzie kazi nyingine siku hizo, la sivyo atamfundisha kwa hasira.

Mvivu wa kweli yupo pia. Utamjua ratiba ikishakaa sawa, kwa sababu sasa hana pa kujifichia. Huyo mwite, mwandikie, mpe muda, fuata taratibu. Ukimfukuza leo katikati ya vurugu hii hutajua umemfukuza mvivu au umemfukuza aliyechoka.

Bosi usimpelekee maneno. Chora karatasi moja: juu saa za siku, mstari mmoja wa wateja waliohudumiwa kila saa, chini yake idadi ya makeshia waliokuwepo saa hiyo. Yangu niliichora kwa kalamu mbili, bluu na nyekundu, na mwenye duka aliitazama kama dakika mbili hivi kabla ya kuuliza kwa nini saa 3 asubuhi tunao watano.

Nawe hesabu risiti zako kwa saa kama nilivyofanya mimi; wiki mbili zikitimia, zilete hapa na uandike mzigo wako unaingia siku gani na saa ngapi. Tutaipanga pamoja.