Gari kugoma kuwaka baada ya kujaza mafuta: usinunue pampu bado

Ndugu, umesema gari lako likitoka sheli haliwaki mpaka ulipige starta wee, uani kunanuka petroli, na fundi anataka ubadilishe pampu ya mafuta. Mimi pampu ningeiacha kwanza. Pampu mbovu haichagui siku ya kujaza tangi.

Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limezimwa, na hapa Malindi msimu wa kaskazi, gari likianikwa juani kutwa, mvuke huo si haba. Magari ya zamani yaliuachia hewani tu. California ilianza kuudhibiti kwa magari ya mwaka 1970, Marekani nzima ikafuata 1971, maana ukipigwa na jua huchangia ule ukungu mchafu wa mijini. Siku hizi hupitishwa kwenye kanista, kopo la plastiki lililojaa mkaa maalumu. Mkaa unaunasa, hewa inatoka nje. Injini ikishapata moto, kompyuta hufungua vali ndogo ya umeme, injini inavuta hewa kupitia kwenye ule mkaa, na mvuke unachomwa pamoja na mafuta mengine.

Sasa vali hiyo ikikwama wazi, unapojaza tangi mvuke wote unaosukumwa na mafuta mapya unapata njia moja kwa moja hadi kwenye injini. Injini inazidiwa mafuta, haiwaki. Langu lilikuwa na tabia hiyohiyo. Nikikanyaga mafuta hadi chini huku napiga starta, linakohoa kisha linashika, jaribu nawe.

Kupima ni bure. Asubuhi injini ikiwa baridi, iwashe, chomoa mpira unaotoka kwenye kanista pale kwenye vali, uweke kidole kwenye pua ya vali. Ikikivuta kidole, vali haifungi. Yangu nilipoifungua nikaigonga kiganjani, zilidondoka chembe nyeusi kama pilipili manga. Ni mkaa wa kanista. Ukiziona hizo, vali mpya peke yake haitakusaidia, chembe zitaikwamisha wazi tena; badilisha na kanista.

Na mkaa huharibika vipi? Mara nyingi ni palepale sheli. Nozeli imeshajikata yenyewe, kijana wa pampu anaongeza, anaongeza tena, eti hesabu iishie kwenye noti kamili. Ile nafasi inayobaki juu ya tangi si hasara yako, ni ya mafuta kutanuka na mvuke kukaa. Ukiijaza, petroli yenyewe inaingia kwenye kanista na mkaa unalowa. Mimi huwaambia mapema: ikijikata, basi. Wengine hununa.

Harufu ya uani inaweza kuwa mkaa huohuo uliolowa, lakini angalia pia mpira wa mfuniko wa tangi kama umepasuka. Kusikia "fss" kidogo unapofungua mfuniko si ugonjwa. Ila ukiona unanyonya kwa nguvu na kung'ang'ania, angalia bomba la kupumulia la kanista. Nyigu hupenda kujenga humo, na vumbi letu hili humalizia kazi.

Kidole kisipovutwa, na mipira yote iwe mizima, hapo mwambie fundi apime presha ya mafuta kwa geji kabla hujatoa pesa.