Mnaoanza kusoma ubongo, anzeni na kichwa cha mbuzi

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza, kabla hamjafungua kitabu nendeni kwa muuza nyama mkanunue kichwa cha mbuzi. Muwahi asubuhi, na mmwambie mapema asikipasue. Mimi sikumwambia. Alikipiga shoka moja katikati kama anavyowafanyia wateja wa supu, nikarudi na ubongo uliovurugika. Mara ya pili nilikata fuvu mwenyewe kwa msumeno, polepole, kuzunguka juu ya macho, na jioni yangu yote ikaishia hapo.

Ubongo mbichi ni laini kama mtindi mzito, ukiushika vibaya unabaki na alama za vidole. Ndiyo maana maabara huuloweka kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia miili, wiki mbili na zaidi mpaka ukakamae. Fungueni madirisha wakati wa kuutoa. Mvuke wa dawa hiyo unawasha macho, na hakuna sifa yoyote katika kuvumilia.

Sasa uwekeni mezani kando ya ubongo wa binadamu wa maabara, na msikimbilie ukubwa. Tazameni mbele kwanza. Mbuzi ana vinundu viwili vya kunusia vilivyotokeza waziwazi, maana maisha yake yote yanaongozwa na pua. Vya binadamu havionekani mpaka uugeuze ubongo chini juu: viko pale chini, vidogo, na vikonyo vyake vyembamba kama njiti za kiberiti. Nyuma nako, ubongo mdogo wa kisogoni, ule ambao vitabu vinauita serebela, kwa mbuzi unaonekana ukitazama kwa juu. Kwa binadamu ubongo mkubwa umejaa na kujikunja hadi umeufunika. Halafu shina, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo: la mbuzi linatokea kwa nyuma, letu linashuka chini, kwa sababu tunatembea wima. Mtu aliyeyaona haya matatu kwa macho yake hayasahau kwenye mtihani.

Swali linaloangusha wengi mtihanini ni hili: ubongo wa binadamu unatofautianaje na wa wanyama? Wengi hukimbilia ukubwa. Katika mtihani wangu wa kwanza wa mdomo nilijibu kwa kujiamini kwamba binadamu ana ubongo mkubwa kuliko wanyama wote. Mwalimu akauliza, "Na tembo?" Nikahamia kwenye uwiano wa ubongo na mwili. "Na panya?" Nikanyamaza. Ubongo wa tembo unakaribia kilo 5, wetu ni kama kilo 1.3 au 1.4. Panya mdogo wa nyumbani naye, kwa uwiano na mwili, yuko palepale tulipo sisi, kama sehemu moja kwa arobaini. Tena ubongo wa sokwe una gramu kama 400 hivi, haupishani sana na wa ng'ombe. Lakini sokwe ndiye ambaye mtafiti Jane Goodall alimwona kule Gombe mwaka 1960 akitumbukiza unyasi kwenye kichuguu na kuvua mchwa.

Kwa hiyo msipime kwa mizani peke yake, hesabuni seli. Mbrazili Suzana Herculano-Houzel na mwenzake Roberto Lent walitoa mwaka 2005 njia ambayo mwanzoni niliidhani mzaha: ubongo unasagwa ndani ya sabuni mpaka unakuwa supu, viini vya seli vinabaki vikielea, vinatiwa rangi, kisha vinahesabiwa kwa hadubini. Kwa njia hiyo binadamu alikutwa na seli za neva zipatazo bilioni 86. Tembo wa Afrika, mwaka 2014, alikutwa na bilioni 257. Hapo wengi hukata tamaa, wakati ndipo utamu unapoanza. Karibu zote za tembo, kama 98 katika kila 100, zimo kwenye serebela, na inadhaniwa kwamba mkonga unachangia hilo, kwa kuwa kuuongoza si kazi ndogo. Kwenye gamba la ubongo, tunakopangia mambo na kukumbukia maneno, tembo ana bilioni 5.6 tu. Sisi tunazo kama bilioni 16.

Msiishike hiyo 16 kama ushindi. Kuna pomboo mkubwa mweusi wa bahari za kaskazini ambaye gamba lake limekadiriwa kuwa na seli bilioni 37. Tarakimu moja haimalizi hoja hii, na mtahini mzuri analijua hilo.

Epukeni pia jibu la "binadamu ana sehemu ambayo wanyama hawana". Richard Owen, bingwa wa anatomia Uingereza, alilishikilia mwishoni mwa miaka ya 1850 kuhusu kijisehemu kilichoitwa hipokampasi ndogo. Thomas Huxley akaonyesha kwamba sokwe na jamaa zake wanacho. Aibu ya Owen inasomwa mpaka leo.

Mimi huandika hivi: wetu ni ubongo wa jamii ya nyani uliokuzwa sana. Panya na jamaa zake, ubongo ukikua, seli zao nazo hunenepa. Katika jamii ya nyani seli hubaki ndogo, kwa hiyo ukubwa ukiongezeka unapata seli nyingi kwelikweli. Gharama yake ni chakula: ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula kama asilimia 20 ya nguvu yake, hata ukiwa umelala. Na mtoto huzaliwa na ubongo unaozidi kidogo robo ya ule wa mtu mzima, unaobaki unakulia mgongoni mwa mama, katikati ya maneno ya watu.

Jambo la mwisho ni la maabara. Ubongo wa mbuzi ukishaingia kwenye fomalini hauliwi tena. Nasema kwa sababu kuna mwaka mtu aliuliza.