Mavyaa amekataa chanjo: je, nikimpeleka mtoto nina dhambi?

Swali: Assalamu alaikum, ustadhi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Faza, kisiwani Pate. Wa kwanza hakuchanjwa. Alipougua surua, masikio yalitoa usaha, na mtabibu akatuamuru tuyatie mafuta ya habbasoda; leo hasikii vyema. Wa pili ametimiza miezi 9, wakati wa chanjo ya surua. Mavyaa anasema chanjo ni njama ya kuwafanya watoto wa Kiislamu wasizae, na kwamba anayeiendea hana tawakkul, yaani hamtegemei Mwenyezi Mungu. Mume wangu yuko safarini baharini. Nikimpeleka, nina dhambi?

Jibu: Wa alaikumu ssalaam. Huna dhambi, binti yangu, na swali lako limenihuzunisha, kwa sababu maneno uliyoambiwa yanasemwa kwa jina la dini.

Hadithi ya kwamba habbasoda ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, nasi tunaiamini. Lakini Al-Khattabi, miongoni mwa washereheshaji wakubwa wa hadithi, ameeleza kuwa tamko lake ni la jumla na linalokusudiwa ni maradhi mahsusi. Mtume (s.a.w.) aliyeisema ndiye aliyeumikwa, akaagiza asali, akatuamuru tujitibu, na akasema kuwa anayejifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu, basi ni dhamini wa madhara aliyoyatia. Aliyeamuru mafuta yamiminwe katika sikio linalotoa usaha na ajiulize amesimama wapi mbele ya hadithi hiyo, iliyopokewa na Abu Daud, kabla ya kuwafundisha wengine tawakkul. Tena Mtume amehimiza kula tende za ajwa asubuhi ili kujikinga na sumu na uchawi, na hiyo ni kinga kabla ya dhara kufika, kama ilivyo chanjo.

Ama hilo la njama ya ugumba, limekwisha kujaribiwa, na waliolipa ni watoto wetu. Mwaka 2003 huko Kano, kaskazini mwa Nigeria, chanjo ya polio ilisimamishwa kwa madai hayo hayo, na haikurejea mpaka mwaka 2004, baada ya kuletwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Virusi havikungoja. Vilitoka Nigeria vikavuka mipaka, na kufikia 2005 vilikuwa vinalemaza watoto Yemen na Indonesia yenyewe. Ni njama gani hiyo ambayo kuikimbia ndiko kulikowalemaza watoto wa Kiislamu? Na mahujaji wetu je, ambao Saudia haiwaruhusu kuingia bila chanjo ya homa ya uti wa mgongo, nao wamekosa tawakkul?

Wala si mbali nasi. Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Somalia, katika pwani hii yetu ya Bahari ya Hindi, mwaka 1977. Alipona, na baadaye akawa anawahimiza Wasomali kuwachanja watoto polio. Ndui iliyowatia makovu wazee wetu ilitangazwa kuwa imetoweka mwaka 1980, na chanjo ndiyo iliyoiondoa.

Mwanao huenda akapata homa au vipele vidogo siku chache baada ya sindano, na hilo hupita. Surua hupofusha, huziba masikio, huleta nimonia na huua. Mpeleke sasa, na umrudishe akifika miezi 18 kwa dozi ya pili. Mpigie mumeo simu umweleze, usifanye kwa siri, lakini simu isipopatikana usimngoje, kwani hapana kudhuru wala kudhuriana.

Na mavyaa usigombane naye. Kaa naye umuulize kwa upole ni watoto gani wa mtaa wenu waliozikwa kwa surua alipokuwa msichana. Wazee wa visiwani huwakumbuka kwa majina. Akitaka kumsomea mjukuu na kumnywesha kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Qur'ani, mwache, kwani dua na sindano havigombani, kisha umwombe mwende pamoja kliniki.

Kuhusu yule wa kwanza, ulifuata uliyemdhania mjuzi, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa iwezalo. Siku hiyo hiyo ya chanjo mchukue naye, umwombe daktari akuandikie barua ya kwenda kwa mtaalamu wa masikio, kwani usikivu mdogo uliobaki waweza kusaidiwa angali mdogo.

Wallahu a'lam.