Kabla Hujailaumu Konsoli Ndogo, Washa Stopwochi

Rafiki yangu alipokuwa akirudi kutoka Uingereza nilimwagiza kitu kimoja tu: ile NES ndogo ya Nintendo, toleo dogo la mashine yao ya gemu ya miaka ya 80, iliyotoka Novemba 2016, yenye michezo 30 ndani yake. Jioni hiyo hiyo niliichomeka kwenye TV ya sebuleni nikafungua Super Mario Bros., na kabla sijamaliza levo ya kwanza furaha yote ilikuwa imeniisha. Mario alikuwa anakimbia kupita kiasi. Muziki ulikuwa na haraka isiyo ya kawaida. Mashimo ambayo utotoni niliyaruka huku nikipiga soga, sasa nilikuwa natumbukia moja baada ya jingine. Nikatoa hukumu palepale: wameiga vibaya.

Nilikosea, na ilinichukua wiki kadhaa kujua nimekosea wapi. Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayefikiria kununua konsoli ndogo ya gemu za zamani, au anayo tayari na moyo wake hautulii, asije akaiuza kwa bei ya kutupa mashine isiyo na kosa.

Sisi tulikulia Tanga. Mashine yetu ya gemu aliileta mjomba kutoka Muscat miaka ya 90, na kaseti zake za njano. Haikuwa ya Nintendo. Ilikuwa moja ya zile mashine za kuigiza zilizojaa sokoni wakati ule, ila sisi hatukujua kama kuna halisi na ya kuigiza. Kwetu ilikuwa gemu, basi. Mpaka leo ipo kwa mama, na inawaka.

Aliyenifungua macho ni binamu yangu, mpiga kinanda wa taarab. Alikaa sebuleni kwangu akasikiliza wimbo wa levo ya kwanza, kisha akataka twende kwa mama tukausikilize ule wa zamani kwenye TV ya chogo. Akasikiliza mara mbili. "Ufunguo ni ule ule," akasema. "Mwendo ndio umebadilika. Halafu kinanda si kile kile: hiki cha mama kina sauti nyembamba, ya puani." Maneno hayo matatu, ufunguo, mwendo na sauti, yalinisaidia kuliko mapitio yote niliyokuwa nimesoma. Maana kama konsoli mpya ingekuwa inakimbiza tu kila kitu, ufunguo nao ungepanda juu, kama kanda ya muziki inavyofanya ikizungushwa kasi. Haukupanda.

Ndipo nikapima. Kipimo chenyewe ni rahisi na nakusihi ukifanye. Ingia levo ya 1-1, usibonyeze kitu, mwache Mario amesimama. Juu kulia kuna muda unaoanzia 400. Washa stopwochi ya simu ukiona 400 na uizime ukiona 300. Ndani ya mchezo huo muda hushuka namba moja kila baada ya fremu 24 (fremu ni picha moja kati ya zile zinazochorwa mfululizo kwenye TV), kwa hiyo namba 100 ni fremu 2,400. NES ya Marekani hutoa fremu 60 na ushei kwa sekunde, hivyo unatakiwa upate kama sekunde 40. Konsoli yangu ndogo ilinipa 40. Mashine ya mama ilinipa 48.

Kumbe iliyokuwa inachechemea ni ile ya utotoni mwetu. TV zetu za Afrika Mashariki zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, wakati Japani na Marekani walitumia NTSC, picha 60. Mashine za kuigiza zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za PAL zilicheza michezo ile ile ya Japani na Marekani bila kuirekebisha, ila kwa fremu 50. Kila kinachohesabiwa kwa fremu, kuanzia hatua za Mario na mwendo wa kobe hadi mapigo ya muziki, kilipungua kwa moja ya sita. Ila prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, waliiwekea mapigo ya kama megahezi 1.77 (mapigo milioni 1.77 kwa sekunde), karibu sawa na 1.79 za mashine ya Marekani, na sauti za NES hupanda na kushuka kwa kufuata mapigo hayo. Ndiyo maana ufunguo ulibaki pale pale na sikio langu la mtoto halikuwahi kushtuka. NES halisi iliyouzwa Ulaya ilikuwa na prosesa ya megahezi 1.66, kwa hiyo huko mchezo usiorekebishwa unashuka mwendo na ufunguo pia, zaidi ya nusu toni.

Basi ushauri wangu wa kwanza, na kwangu ndio mzito kuliko mingine yote: kabla hujauliza kama konsoli ndogo ni sahihi, uliza ni sahihi kwa kulinganishwa na mashine ipi. Nintendo waliamua kuigiza ile ya fremu 60, hata kwenye konsoli ndogo walizouza Ulaya, na walifanya vizuri. Mimi nilikuwa nailinganisha na mashine ambayo wao hawakuitengeneza.

Nikisema walifanya vizuri sisemi kwa hisia. Ndani ya kijumba kile hakuna chipu ya miaka ya 80 hata moja. Kuna prosesa ya Allwinner R16, ya aina zinazowekwa kwenye tableti za bei nafuu, pamoja na programu inayojifanya NES, yaani emuleta, iliyotengenezwa na kitengo cha utafiti cha Nintendo kilichoko Paris. Kazi ya emuleta ni kuufanya mchezo uamini kwamba uko kwenye mashine yake, na michezo ya zamani ni migumu kuidanganya. Chukua Super Mario Bros. yenyewe. Pale juu kuna alama, sarafu na muda, na mstari huo umetulia wakati ardhi yote chini inasogea. Peke yake, NES husogeza mandhari yote kwa pamoja. Ili mstari wa juu utulie, mchezo unasubiri mpaka TV imeanza kuchora kipande kidogo cha chini cha ile alama ya sarafu, na papo hapo unabadili msogeo wa picha iliyobaki. Emuleta isiyojua TV imefika mstari upi wa picha itaufanya ule mstari wa juu utetemeke au usogee na ardhi. Kwa hiyo ukifungua mchezo huu kwenye mashine yoyote, angalia hapo kwanza.

Angalia pia wakati viumbe wamejazana kwenye mstari mmoja. NES huchora vitu 8 tu vinavyosogea katika mstari mmoja wa picha. Vikizidi, michezo mingi huvichora kwa zamu, navyo vinapepesa. Wengi wanadhani huko kupepesa ni hitilafu ya konsoli mpya. Kulikuwepo tangu mwanzo.

Kwa SNES, mashine ya Nintendo iliyofuata NES, mambo ni magumu zaidi, na hapa lazima nimtaje byuu, mwandishi wa emuleta ya bsnes, aliyetumia miaka mingi akitetea usahihi kamili. Mwaka 2011 alieleza kwa urefu kwa nini kuigiza kikamilifu mashine ambayo prosesa yake haifiki megahezi 4 kulihitaji kompyuta ya gigahezi 3. Mifano yake haisahauliki. Katika Air Strike Patrol kuna kivuli cha ndege kinachochorwa kwa kubadili mwanga katikati ya mstari wa picha, na emuleta nyingi hazikukionyesha kabisa, wakati kivuli hicho ndicho kinachokusaidia kulenga. Katika mchezo mmoja wa Speedy Gonzales, ukifika levo ya 6-1 ukakanyaga kitufe fulani, emuleta isiyo sahihi inaganda na safari yako imeishia hapo.

SNES ndogo ya 2017 haina nguvu za kompyuta ya gigahezi 3. Inatumia vifaa vile vile vya NES ndogo. Lakini ina michezo 21 tu, na watengenezaji waliirekebisha emuleta yake mpaka hiyo 21 ikatembea vizuri, ikiwemo Star Fox 2 ambayo haikuwahi kuuzwa kabla. Usahihi wa konsoli ndogo ni usahihi wa orodha yake. Ukijiongezea michezo mingine, kama watu wengi wanavyofanya, umetoka nje ya kile kilichopimwa, na mchezo wenye chipu maalumu ndani ya kaseti unaweza kukataa. Usishangae, wala usitoe hukumu juu ya mashine kwa mchezo huo.

PlayStation Classic, konsoli ndogo ya Sony iliyotoka 3 Desemba 2018 ikiwa na michezo 20, inafundisha jambo lingine. Emuleta yake ni PCSX ReARMed, programu huria inayojulikana siku nyingi. Kilicholalamikiwa zaidi ni uchaguzi wa matoleo: michezo 9 kati ya 20 iliwekwa kwa toleo la PAL, Tekken 3 ikiwemo. Mchezo wa fremu 50 ukitolewa kwenye picha ya 60, fremu moja katika kila tano lazima irudiwe, na jicho linaona kama mwendo unakwaruza. Emuleta bora kuliko zote isingeponya hilo. Kabla ya kununua konsoli ndogo yoyote, tafuta ni matoleo ya nchi gani yamewekwa ndani. Mega Drive Mini ya Sega ya 2019 ndiyo ninayoipenda kwa hili: kazi ya kuigiza walipewa kampuni ya M2 ya Japani, watu waliozeeka kwenye fani hii, na ukibadili lugha ya menyu kuwa Kijapani unapata michezo kwa matoleo ya Kijapani.

Sasa turudi kwenye mashimo yangu. Nusu ya kutumbukia ilitokana na mwendo niliokuwa nimeuzoea, nusu nyingine ilitoka kwenye TV. TV za kisasa huisafisha picha kabla ya kuionyesha na usafishaji huo unachukua muda, wakati TV ya chogo ilichora picha papo kwa papo. Fremu moja ni sehemu ya 60 ya sekunde. TV ikichelewesha fremu tano au sita, kidole kimesharuka na Mario bado anatembea. Ingia kwenye mipangilio ya picha utafute hali ya gemu, ambayo TV nyingi huiandika "Game", uiwashe, na uzime kila kinacholainisha mwendo. Fanya hivyo kabla ya kumlaumu mtu yeyote. Mimi nilipoiwasha niliruka shimo la kwanza, na la pili, na la tatu.

Kuhusu umbo la picha: NES ndogo ina namna tatu za kuonyesha. Ile inayofanya kila nukta kuwa mraba kamili inavutia kwa ukali wake, lakini inambana Mario kiunoni. Kwenye TV za zamani nukta zilikuwa pana kidogo kuliko urefu wake, kwa hiyo chagua 4:3. Hapo sina ubishi.

Niliwahi pia kununua, kwa bei ya chini sana, kijimashine kinachofanana na NES ndogo kwa sura, chenye mamia ya michezo na waya za AV. Mingi ilikuwa mchezo mmoja uliobandikwa majina tofauti. Ni hapo nilipokumbuka neno la tatu la binamu, maana kilikuwa na sauti ya puani vilevile. Sauti kuu mbili za NES ni mawimbi ya mraba, na mchezo huchagua wimbi liwe juu kwa asilimia ngapi ya muda: 12.5, 25, 50 au 75. Mashine nyingi za kuigiza zilibadilishana 25 na 50. Wimbo uliotungwa kwa sauti nene ya 50 unatoka mwembamba, na mwembamba unatoka mnene. Mashine ya mama inayo kasoro hiyo hiyo, na sisi tuliipenda miaka yote bila kujua ni kasoro.

Kama unachokitafuta ni utoto wako na utoto wako ulikuwa kama wangu, konsoli ndogo ya Nintendo haitakupa. Chukua kompyuta ya kawaida uweke emuleta ya Mesen au FCEUX. Kwenye mipangilio ya eneo, pamoja na NTSC na PAL, kuna Dendy, jina la mashine ya kuigiza iliyouzwa Urusi kuanzia 1992, ya ukoo ule ule na yetu. Chagua hiyo, kisha tafuta kwenye mipangilio ya sauti kisanduku cha kubadilishana upana wa mawimbi, yaani ile 25 na 50, ukitie alama. Nilifanya hivyo nikawasha stopwochi: sekunde 48. Binamu akasikiliza hadi mwisho wa levo, akatikisa kichwa kukubali.

NES ndogo haikuondoka sebuleni. Watoto wa dada yangu wameizoea kwa fremu 60, na wakienda kwa bibi yao wanalalamika kwamba Mario wa kule ni mzito.