Scofield alikufa, na mimi ndiye niliyewaambia watu wa Ujiji

Mleta mada, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema usiku wa juzi umemaliza sizoni ya nne ya Prison Break, ile tamthilia ya Marekani, nusu umeridhika, nusu unajiona umedhulumiwa, usingizi umekataa. Unataka kujua kama uendelee na ya tano, ambayo umeshasikia kwamba Scofield, stelingi wake, anarudi, au uishie pale kaburini. Wenzangu wamekujibu kwa mstari mmoja mmoja. Mimi naomba nikujibu kwa kirefu, kwa sababu mwisho ule niliusimulia kwa mdomo wangu mbele ya watu wapatao sitini, na nyuso zao sijazisahau mpaka leo.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 19, nakaa kwa mjomba wangu Ujiji, Kigoma. Mjomba alikuwa na banda la video: mabati, mabenchi ya mbao, televisheni ya inchi 21 juu ya meza ndefu, deki, na jenereta ndogo nyuma ya ukuta, maana umeme wa Kigoma miaka ile ulikuwa wa mashine za dizeli na ulikuja kwa mgao. Kiingilio shilingi 200, watoto 100. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha sidii na kusimama pembeni ya televisheni nikitafsiri. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, lakini nilikuwa naziangalia episodi mchana peke yangu, nazirudia, naandika kwenye daftari maneno nisiyoyajua, ili usiku nisiwaangushe watu.

Banda lilijaa zaidi mwezi ukiwa mpevu. Kwa wasioijua Kigoma: dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, mwanga ndio unaowavuta waje juu. Mbalamwezi ikiwaka taa haifui dafu, kwa hiyo wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Mchana wanashona nyavu, usiku wanatafuta pa kwenda. Mjomba aliufuata mwezi kama wao. Episodi za mwisho za sizoni ya nne alizificha kabatini mpaka mwezi mpevu wa mwanzoni mwa Agosti 2009, wiki mbili hivi kabla ya Ramadhani, kwa sababu Ramadhani banda lilifungwa na hakutaka watu wafunge wakiwa na kiporo cha Scofield.

Uelewe pia kwa nini tamthilia ile iliwashika watu namna ile. Scofield anajipeleka jela makusudi, ramani ya jela imechorwa mwilini mwake, ili amtoe kaka yake, Lincoln, aliyehukumiwa kifo. Pale Ujiji hilo halikuhitaji mtafsiri. Kulikuwa na kaka mmoja mvuvi wa Kibirizi, aliwahi kukaa ndani miezi kadhaa, yeye hakukosa hata usiku mmoja. Alikaa benchi la mbele kabisa. Siku Bellick, yule askari magereza aliyechukiwa na kila mtu tangu sizoni ya kwanza, alipolinyanyua lile bomba na kukubali kuzama ili wenzake wapite, yule kaka alitoka nje akakaa kwenye mchanga mpaka episodi ikaisha. Hakusema kitu, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa nije kwenye mwisho wenyewe. Kule Marekani ulirushwa tarehe 15 Mei 2009, episodi mbili kwa usiku mmoja. Sisi tuliuona miezi karibu mitatu baadaye, lakini kwetu ulikuwa mpya, hakuna aliyekuwa ameusikia. Mambo yalienda vizuri kwa muda mrefu. Watu wanapata uhuru wao. T-Bag, mfungwa yule katili, anarudishwa Fox River, jela ile ya mwanzo, banda likapiga makofi. Kellerman, aliyemtesa shemeji (Dokta Sara, mpenzi wa Scofield, tulimwita shemeji tangu mwanzo), anaishia kuwa mbunge, watu wakaguna kwa hasira. Kisha tone la damu linamtoka Scofield puani. Kisha tunaambiwa imepita miaka minne. Shemeji yupo na mtoto wa kiume. Kisha kaburi.

Nilikuwa nimeshaliona mchana na nilikuwa nimelia. Hata hivyo sauti ilinikwama. Mtu akapiga kelele, "Kuna nini hapo? Tafsiri!" Nikasema, "Scofield amekufa." Halafu nikayasoma maandishi ya kwenye jiwe, nikayageuza neno kwa neno: mume, baba, kaka, mjomba, rafiki.

Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo mlangoni akaniuliza kwa sauti, "Mjomba wa nani? Yule LJ si mtoto wa Lincoln? Huyo ni baba yake mdogo." Banda zima likamuunga mkono. Mzee mmoja akaongeza kwamba hata hilo neno kaka si lake, kaka ni Lincoln, huyu ni mdogo mtu. Walikuwa sahihi kabisa. Kwa Kiingereza ndugu hawa wote wanaingia kwenye neno moja moja, na mimi nilikuwa nimeyachukua kama yalivyo kwenye kamusi. Nikairudisha sidii nyuma kidogo, nikasimamisha picha kwenye jiwe, nikasoma upya: "Mume. Baba. Mdogo mtu. Baba mdogo. Rafiki."

Hapo ndipo banda liliponyamaza kweli. Kwetu baba mdogo ndiye baba, baba akiwa hayupo. Baba yako akifungwa, akifa, akipotelea Kongo, ni baba mdogo anayekuja na kilo mbili za unga na kuuliza ada imefikia wapi. Kaka wa Kibirizi alishusha kofia yake ikafunika uso.

Ubishi ulianza watu walipotoka nje, ukaendelea mpaka jenereta ikaisha mafuta, na ulikuwa huo huo unaousikia wewe kifuani kwako sasa. Kuna waliokasirika kwa sababu stelingi hafi, basi, hiyo ni sheria, na walikuwa wamelipa shilingi 200 kwa miezi wakiiamini. Kuna waliosema ni haki yake apumzike, alishateseka vya kutosha. Waliokuwa wengi zaidi walikataa kabisa kwamba amekufa, na mimi siwalaumu. Tamthilia yenyewe iliwafundisha kutoamini. Sizoni ya tatu tulionyeshwa kichwa cha Sara ndani ya boksi, tukamlilia, sizoni ya nne akarudi mzima. Mtu aliyedanganywa msibani mara moja, mara ya pili anakaa na kiatu mguuni. Sizoni hiyo hiyo ya tatu ilikuwa na episodi 13 tu wakati zilizotangulia zilikuwa na 22 kila moja, watu wakamshika mjomba kwamba ametuuzia sidii pungufu. Baadaye sana ndiyo nilikuja kujua ilikuwa mgomo wa waandishi wa Marekani, ulioanza Novemba 2007 ukaisha Februari 2008.

Lakini kilichowauma wengi, na nadhani ndicho kinachokuuma wewe, si kifo chenyewe. Ni namna. Yule mzee alilisema vizuri kuliko wote: "Mtu aliyebeba jela nzima mgongoni anakuja kufa kwa damu ya puani?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Mimi pia sikuwa nalo. Nililala na hilo swali miezi.

Jibu lilikuwepo, ila halikuwa kwenye sidii yetu. Ile sizoni ina episodi mbili za ziada zinazoitwa The Final Break, ambazo hazikurushwa pamoja na zile 22 na zilitoka kwa DVD Julai 2009. Nakala zilizofika kwetu hazikuwa nazo. Mjomba aliagiza kwa mfanyabiashara wake Dar, aliyekuwa akileta mzigo kwa treni. Mwisho wa mwaka ule mafuriko yakaikata reli kule Kilosa, na sisi wa mwisho wa reli tukakaa. Tulizipata 2010, mwezi mwingine mpevu.

Sitakumalizia utamu, ingawa kwa swali lako lazima niseme la msingi. Siku ya harusi yao shemeji anakamatwa na kutupwa jela ya wanawake, akiwa mjamzito. Scofield anapanga kumtoa kama alivyomtoa kaka yake. Inafika hatua mlango mmoja hauwezi kufunguka mpaka mtu aunganishe nyaya za umeme kwa mikono yake, na mtu huyo hatabaki. Tayari anajua ugonjwa wa kichwani, ule uliomtoa damu puani, umerudi. Anaunganisha. Mlango unafunguka, mkewe anatoka na mtoto tumboni.

Usiku ule sikutafsiri ile sehemu ya mwisho, hakukuwa na haja. Taa zilipowaka, kaka wa Kibirizi alisimama akageuka kuwatazama watu wa nyuma, akasema, "Aliingia jela kwa ajili ya kaka yake, akafia jela kwa ajili ya mtoto wake. Sasa nimeelewa." Akaenda kumshika mkono mjomba kama mtu anayetoa pole. Wale wale waliokuwa wamekasirika Agosti, wengi walitoka wametulia. Kaburi lilikuwa lile lile, ila sasa walijua aliyelazwa pale alifikaje.

Ndiyo maana nasema, na hili nalisema kwa moyo wote, mwisho wa sizoni ya nne ni mwisho mzuri uliotolewa vibaya. Waliukata vipande viwili, wakatuonyesha kaburi kwanza na kifo baadaye, na maelfu ya watu duniani wakabaki na nusu. Ukiunganisha vipande, mtu yule ameufunga mduara wake sawasawa.

Kuhusu ya tano. Ilitoka Aprili 2017, episodi 9. Wakati huo banda halipo tena, watu wanawekewa sizoni kwenye flashi pale Mwanga, Kigoma mjini, na kuangalia nyumbani kwao. Scofield yuko hai, kafungwa Yemen. Maelezo ya kwa nini alionekana amekufa yapo, nimeyasikiliza kwa makini, na waigizaji wamefanya kazi yao vizuri, hasa wale ndugu wawili wanapokutana. Nilifurahi kumwona. Ila kila nilipofurahi kuna kitu kilinichoma, kwa sababu nilikumbuka lile jiwe na yale maneno matano niliyoyasoma mara mbili. Yule kaka wa Kibirizi alinipigia simu, sauti imejaa furaha: "Si mnaona? Nilijua!" Sikumkumbusha kwamba mwaka 2010 alisema ameelewa. Ilikuwa haki yake kufurahi, mtu wake amerudi. Mimi nilibaki namuwaza mjomba, aliyefariki 2014. Yeye aliondoka akijua Scofield alikufa akiufungua ule mlango, na aliipenda hadithi ile hivyo, aliwasimulia wajukuu.

Kwa hiyo ushauri wangu, mleta mada. Ya tano usiiguse bado. Hakikisha kwanza nakala yako ina episodi 24. Kama inaishia 22, na jinsi ulivyoandika naona inaishia 22, basi hujafika mwisho, na huo usingizi uliokataa ni wa mtu aliyepelekwa kaburini bila kuambiwa marehemu aliumwa nini. Tafuta hizo mbili, ziangalie kwa mfululizo, usiku, simu uizime. Halafu kaa siku mbili tatu. Ukiona bado unamtaka arudi, endelea na ya tano, nami sitakuona mkosaji. Kama uko Kigoma mjini nitumie ujumbe, hizo episodi mbili ninazo.