Unyevu wa hewa katika chumba cha mimea: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wanaootesha mboga na miche ndani ya nyumba, chini ya taa. Joto lote lililotajwa ni la selsiasi.

Mchana kipimo changu kinasoma asilimia 55. Taa zikizimwa kinapanda hadi karibu 80, na wala sijamwagilia. Kimeharibika?

Kipimo ni kizima. Kilichobadilika ni joto. Asilimia hukueleza hewa imejaa kiasi gani ukilinganisha na mvuke inaoweza kubeba, na uwezo huo hupungua hewa inapopoa. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzijoto 26 hubeba hadi gramu 24.4 za mvuke. Ikisoma asilimia 55, ndani yake mna gramu 13.4. Zima taa, chumba kishuke hadi nyuzijoto 20, ambapo hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17.3: gramu zilezile 13.4 sasa ni asilimia 77, bila tone jipya. Ongeza mvuke unaoendelea kutoka kwenye udongo na majani, na hiyo 80 umeipata.

Hatari yenyewe iko ukutani na kwenye vioo. Hewa hiyo yenye gramu 13.4 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzijoto 16 au chini, kwa hiyo ukuta wa nje ukipoa usiku utalowa hata kama katikati ya chumba kipimo hakijafika 100. Majani yanayogusa ukuta huo nayo hulowa.

Tiba ni tatu, na ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote: usiache joto lishuke zaidi ya nyuzi 4 kati ya mchana na usiku. Katika mfano huohuo, ukibaki kwenye nyuzijoto 22 usomaji utakuwa 69, si 77. Pili, mwagilia taa zinapowaka, kamwe si saa za mwisho kabla ya kuzimwa. Tatu, feni ya kutoa hewa au mashine ya kukausha hewa ianze kazi saa moja kabla ya giza na iendelee saa mbili baadaye. Wengi huziunganisha kwenye taima moja na taa, zikazimika zote pamoja. Hapo ndipo mambo huharibika.

Basi niweke asilimia ngapi?

Swali hilo halina jibu mpaka utaje joto. Jani halihisi asilimia. Linahisi nguvu ya hewa kulifyonza maji. Nyuzijoto 22 kwa asilimia 60, nyuzijoto 25 kwa asilimia 65, na nyuzijoto 28 kwa asilimia 70 humfyonza mmea kwa nguvu inayokaribiana, takriban kilopaskali 1.1 (kilopaskali ni kizio cha kupimia nguvu hiyo), na hiyo inaifaa mimea mingi iliyokwisha kushika mizizi. Kwa hiyo ukipandisha joto, pandisha na unyevu. Anayeng'ang'ania asilimia 50 kwenye nyuzijoto 28 ananyausha mimea yake kwa kufuata namba aliyosikia mahali.

Vipandikizi visivyo na mizizi ni habari nyingine: vifunike, vipate asilimia 80 hadi 90, kisha kuanzia siku ya saba hivi fungua mfuniko kidogokidogo. Miche iliyoota ikae kwenye 65 hadi 75, na ukiifunika muda mrefu utaikaribisha kinyausi, ugonjwa unaoikata shinani. Nyanya na pilipili zikianza maua, shikilia 55 hadi 65. Hewa ikilowa mno chavua huganda na haimwagiki. Ikikauka mno haishiki.

Nahitaji mashine ya kukausha hewa ya ukubwa gani? Muuzaji ananiuliza ukubwa wa chumba tu.

Ukubwa wa chumba unakwambia machache sana. Uliza maji. Karibu maji yote unayoyamimina kwenye vyungu hurudi hewani kupitia majani. Sehemu ndogo mno ndiyo inayobaki kuwa mmea. Kwa siku tatu pima lita unazomwagilia, toa zinazochuruzika chini ya vyungu, tafuta wastani. Vyungu 20 vyenye nusu lita kila kimoja ni lita 10. Ikichuruzika lita 1, zinabaki 9. Hizo ndizo lita ambazo mashine au feni lazima izitoe kila siku.

Sasa mtego: lita zilizoandikwa kwenye sanduku mara nyingi zimepimwa kwenye nyuzijoto 30 na asilimia 80, hewa iliyojaa maji kweli kweli. Katika chumba chenye nyuzijoto 22 na asilimia 60, mashine hiyohiyo inaweza isifikishe hata nusu. Kwa lita 9 tafuta iliyoandikwa 20. Kumbuka pia kwamba umeme wote inaoutumia hugeuka joto ndani ya chumba chako, na mvuke nao huachia joto unapogeuka kuwa maji, kwa hiyo chumba kidogo kinaweza kupanda nyuzi kadhaa.

Nje kuna manyunyu na unyevu ni asilimia 95. Nizime feni ya kutoa hewa?

Usizime kabla hujahesabu gramu. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote: watu hulinganisha asilimia ya nje na ya ndani kana kwamba ni kitu kimoja.

Ndani una nyuzijoto 25 na asilimia 65. Hewa ya nyuzijoto 25 hubeba hadi gramu 23, kwa hiyo una gramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Nje, penye manyunyu, ni nyuzijoto 15. Hewa ya huko haiwezi kubeba zaidi ya gramu 12.8, na asilimia 95 yake ni gramu 12.2. Hewa ya nje, pamoja na ubaridi na uchepechepe wake wote, ina mvuke pungufu kuliko yako. Ikiingia na kupashwa na taa, itakausha chumba. Kila mita ya ujazo inayopita inaondoka na gramu 2.8. Kutoa lita 9 kwa saa 16 za taa unahitaji feni inayopitisha mita za ujazo 200 kwa saa, bila kusahau kwamba kichungi na bomba lenye kona hupunguza uwezo wa feni.

Geuza mfano. Nje kuna jua, nyuzijoto 28, asilimia 60. Inaonekana kavu kuliko 65 yako. Lakini hewa hiyo hubeba hadi gramu 27.2, na asilimia 60 ni gramu 16.3. Ukiiingiza unaongeza maji. Siku hiyo punguza feni, washa mashine.

Kipimo kinasoma 60, lakini letusi zangu zina ukungu wa kijivu katikati. Vipi?

Kipimo kinaning'inia wapi? Kikiwa mlangoni au juu ya taa kinakuambia habari za mlangoni. Ukungu wa kijivu hauhitaji chumba kizima kiwe chepechepe. Unatosheka na uso wa jani uliolowa kwa saa kadhaa, au jani lililokufa la kuanzia. Katikati ya majani yaliyosongamana, hewa isipotembea, unyevu unaweza kukaribia 100 huku njiani mkisoma 60.

Shusha kipimo kilingane na urefu wa majani, kwenye kivuli kisichopigwa na taa moja kwa moja. Ongeza nafasi kati ya mche na mche. Ng'oa majani ya chini yanayogusa udongo. Weka feni ndogo inayopuliza chini ya mimea, na si juu peke yake. Majani yatikisike kidogo tu, yakipepea kama bendera umezidisha. Zilizoshambuliwa zifunike kwa mfuko hapohapo kabla ya kuzing'oa, maana ukizitikisa unapanda mbegu za ukungu chumba kizima.

Vumbi jeupe kama unga juu ya majani ni ubwiri unga, na huo haujali kama jani ni kavu. Kupunguza unyevu peke yake hakutauondoa.

Nitajuaje kama kipimo kinasema kweli?

Jaza kizibo cha chupa chumvi ya mezani, dondoshea maji hadi iwe kama mchanga mbichi, isiyeyuke yote. Ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, mahali penye nyuzijoto 20 hadi 25, kwa saa 12. Kisome kabla ya kufungua: lazima kiwe 75. Kikisoma 70, uwe unajumlisha 5. Kikikosea zaidi ya 10, tupa.

Ncha za majani ya ndani ya letusi zinaungua. Hewa ni kavu? Nimeanza kunyunyizia maji.

Acha kunyunyizia. Maji hayo hupandisha unyevu kwa dakika chache tu na kuacha majani mabichi. Isitoshe, ncha za majani *machanga ya ndani* huungua kwa kukosa kalsiamu, na kalsiamu hufuata maji yanayovutwa na hewa. Hewa ikisimama au ikilowa mno, majani ya ndani hayavuti. Yaelekezee feni kwa juu, taratibu.

Kama kweli hewa ni kavu, chini ya 45, anza kwa kupunguza kasi ya feni ya kutoa hewa. Mashine ya kuongeza unyevu hewani ni hatua ya pili, na itumie maji yaliyochujwa chumvichumvi, la sivyo itamwaga vumbi jeupe kwenye majani na taa.

Mashine ya kukausha inaganda barafu.

Chumba ni baridi, pengine chini ya nyuzijoto 16, au kichujio kimejaa vumbi. Kisafishe kwanza. Baridi ikiendelea, tafuta ile inayotumia gurudumu la kufyonza unyevu, isiyo na kompresa.